Kusikilizwa, daftari, kikundi au kamba: njia nne za tiba ya mazungumzo na namna ya kuchagua

Neno lenyewe ndilo linalotuponza. Tunasema "ushauri nasaha", na ushauri kwetu ni kuambiwa: fanya hivi, acha vile, mrudie mwenzio, achana na yule. Mara ya kwanza nilipoingia chumba cha mnasihi nilikaa nikisubiri kuambiwa. Nilieleza yangu yote ndani ya dakika kumi, nikanyamaza, naye akanyamaza. Kisha akasema, "Kila ukimtaja baba unashika saa." Kweli, ilikuwa saa ya marehemu. Kikao kikaisha bila shauri hata moja. Nikatoka nimenuna, nahesabu nauli niliyopoteza. Ilinichukua miezi kujua kwamba sikupunjwa. Nilikuwa nimeingia mlango mmoja nikitaka huduma ya mlango mwingine.

Wengi wetu tulilizoea neno hilo miaka ya 2000, enzi za mabango ya "ushauri nasaha na upimaji wa hiari". Pale mshauri alikuwa na mambo maalumu ya kukueleza kabla ya kipimo cha VVU na baada yake. Tiba ya mazungumzo kwa ajili ya sonona (huzuni nzito isiyoondoka), wasiwasi, msiba au kiwewe ni kitu kingine, na ndani yake kuna njia zinazotofautiana kama fundi seremala na fundi bomba. Hapa nazilinganisha nne. Wote wanaozitoa huitwa wanasihi au wanasaikolojia, na kibao cha mlangoni mara nyingi hakikwambii ni ipi utakayopewa.

Vipimo nitakavyotumia

Kila njia nitaiuliza maswali yaleyale. Ndani ya chumba kinafanyika nini, na nani anaongea zaidi? Ni vikao vingapi na mfuko utaumia kiasi gani? Ukirudi nyumbani unatakiwa ufanye nini? Siri yako inabaki kwa nani? Kuna ushahidi gani? Na mwisho, inamfaa nani, inakwama wapi?

Ili tusiongee hewani, tumchukue mtu wa kufikirika, tumwite Mwanaidi. Ana miaka 34, anauza vitenge na khanga Kariakoo. Mwaka jana alimkabidhi mdogo wake sehemu kubwa ya mtaji, mtaji ukayeyuka. Miezi minne baadaye mama yao akafariki, na ndugu hao hawakuwa wamepatana. Sasa Mwanaidi anaamka saa tisa usiku na halali tena, kichwa kinagonga, tumbo linawaka moto. Zahanati wamempima malaria na taifodi, wakampa dawa ya vidonda vya tumbo. Wifi yake anasema, "Huyu ana mawazo tu." Kwa Kiswahili chetu kuwa na mawazo tayari ni nusu ya kuugua, ila hiyo "tu" ndiyo inayomchelewesha mtu kutafuta msaada.

Kuna hali ambazo hazisubiri ulinganisho. Mtu anayepanga kujiua, anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, aliyekesha siku kadhaa huku nguvu zinamfurika na fedha anazitapanya, au mzazi aliyechanganyikiwa siku chache baada ya kujifungua, huyo ni wa hospitali leo hii, si wa kutafutiwa mnasihi wiki ijayo. Hospitali za akili zipo, Mirembe Dodoma, Mathari Nairobi, Kidongo Chekundu Unguja, lakini usisafiri umbali huo kama kuna hospitali ya wilaya au ya kaunti karibu. Anzia hapo, na usimwache mgonjwa peke yake.

Mlango wa kwanza: kusikilizwa

Hiki ndicho chumba nilichokitokea nimenuna. Aliyeiasisi njia hii ni Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, miaka ya 1940. Alishikilia kwamba mtu hupata nafuu akikutana na msikilizaji mwenye sifa tatu: anaelewa kwa dhati, hahukumu, na haigizi. Mteja ndiye anayeongea zaidi, na ndiye anayechagua la kuongea. Mnasihi hurudisha alichosikia, wakati mwingine kwa maneno machache tu, ili mwenye nalo alione kwa upande mwingine. Haamui kwa niaba yako. Ukimuuliza "wewe ungefanyaje?" atakurudishia swali, na siku za mwanzo hilo linaudhi kwelikweli.

Mwanaidi angeweza kukaa vikao viwili vizima akimlalamikia mdogo wake. Kikao cha tatu mnasihi anasema kwa upole kwamba jina la mama halijatajwa hata mara moja. Hapo ndipo kilio kinapoanza, kile kilichozuiwa siku ya maziko kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anapokea wageni na kuhesabu sahani. Hakuna aliyemwambia asamehe, wala aliyemwambia "jikaze".

Idadi ya vikao haijafungwa. Kwa kawaida ni kimoja kwa wiki, dakika 50 hadi 60. Wengine hutosheka na sita, wengine hukaa mwaka, na kwa anayelipa kila kikao hapo ndipo pa kuangalia: omba mapema kwamba baada ya vikao vinne au sita mkae mtathmini kama kuna kilichobadilika. Kazi ya kufanya nyumbani hakuna. Siri inabaki kwa mtu mmoja, isipokuwa maisha ya mtu yakiwa hatarini, mtoto akidhuriwa, au mahakama ikiamuru, na mnasihi mzuri hukueleza hayo kikao cha kwanza kabla hujafungua mdomo.

Ushahidi? Kwa muda mrefu njia hii ilidharauliwa kama maongezi ya kawaida yanayolipiwa. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti uliofanyika Sheffield, Uingereza, ambao uligawanya watu 510 wenye sonona kwa bahati nasibu: kundi moja lilipewa tiba ya aina hii, jingine tiba ya fikra na tabia ambayo nitaieleza sasa hivi. Miezi sita baadaye nafuu ilikuwa inalingana. Ulipotimia mwaka, kundi la fikra na tabia lilikuwa limetangulia kidogo. Mimi nayasoma matokeo hayo hivi: kusikilizwa ni tiba kweli, ila pengine haikuachii zana za kutosha za kubeba ukiondoka.

Inamfaa aliyefiwa, aliye njia panda ya uamuzi mzito, aliye na uchungu ambao hata jina hajaupa, na hasa yule ambaye nyumbani kwao kila mtu ni mshauri na hakuna msikilizaji. Inakwama kwa mwenye hofu ya kitu mahususi, anayeshikwa ghafla na mapigo ya moyo na kuhisi anakufa kwenye daladala, au anayenawa mikono mara thelathini kwa siku. Huyo anahitaji mazoezi.

Mlango wa pili: daftari

Tiba ya fikra na tabia, ambayo hata kwenye vibao vyetu huandikwa kwa herufi CBT, ilianza na Aaron Beck, daktari wa magonjwa ya akili wa Philadelphia, miaka ya 1960. Alibaini kwamba wagonjwa wake wa sonona walikuwa na mawazo ya haraka yanayopita kichwani kama matangazo ya redio, yakiwahukumu, nao wanayaamini bila kuyakagua. Basi hapa mnakagua. Mnasihi anaongea karibu sawa na wewe, kikao kina ajenda, na kuna kuandika.

Ukurasa wa Mwanaidi ungekuwa hivi. Jumanne, saa nne asubuhi. Kilichotokea: mteja kashika kitenge, kakigeuza, kaondoka. Wazo lililokuja: "Hata wateja wanaona mimi ni wa kufilisika." Nimeliamini kiasi gani: 90 kwa 100. Nikafanya nini: nikafunga duka saa sita, nikaenda kulala. Mnasihi hamwambii "waza mazuri". Anamuuliza kwa jirani yake wangapi hushika kitambaa wakaondoka. Hajui. Basi kazi ya wiki hiyo ni kuhesabu, siku tatu, duka lake na la jirani. Anarudi na hesabu: kwa jirani ni walewale. Imani imeshuka hadi 40. Haijafika sifuri, na hakuna aliyetaka ifike sifuri kwa wiki moja.

Upande wa tabia una mantiki yake. Ukiwa na sonona unaacha mambo, na kuacha mambo kunaizidisha sonona. Kwa hiyo mnapanga vitu vidogo kabla hamu haijarudi: kufungua duka siku mbili mpaka jioni, kwenda kusuka, kupiga simu moja. Sehemu hii huonekana ya kitoto ukiisoma. Ukiwa kitandani saa tano asubuhi na mlango umeufunga kwa ndani, si ya kitoto hata kidogo.

Sasa, mtaji wa Mwanaidi umepotea kwelikweli. Hilo si wazo la kukagua. Kwa matatizo halisi kuna ndugu wa tiba hii anayefundisha kutatua tatizo hatua kwa hatua. Shirika la Afya Duniani lina mpango wa vikao vitano tu wenye stadi nne: kutuliza mwili kwa pumzi, kulikata tatizo vipande unavyoviweza, kurudia shughuli zilizoachwa, na kujiegemeza kwa watu. Ulijaribiwa Dagoretti, Nairobi, kwa wanawake ambao wengi wao walikuwa wamepitia ukatili. Waliouendesha walikuwa wahudumu wa afya ya jamii waliopewa mafunzo, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha msongo ukipungua zaidi kuliko kwa waliopata huduma ya kawaida. Zimbabwe wana mabenchi nje ya zahanati, ambapo mwenye shida hukaa na bibi aliyefunzwa wakalitatua tatizo pamoja, kazi iliyoanza mwaka 2006 pale Mbare, Harare, na mabibi 14 waliofunzwa na daktari Dixon Chibanda. Kwa Kishona, lugha ya huko, hali ya namna hii huitwa *kufungisisa*, yaani kuwaza kupita kiasi. Wifi yake Mwanaidi angelielewa neno hilo bila mkalimani.

Vikao kwa kawaida ni kati ya 6 na 20, kwa hiyo bajeti unaiona mwanzo. Kazi ya nyumbani ni nyingi, na bila hiyo tiba inabaki nusu. Asiyependa kuandika anaweza kurekodi sauti kwenye simu au kuchora. Njia ya benchi na ile ya vikao vitano hazikudai mtu awe msomi.

Siri hapa ina upenyo ambao mwongozo hausemi: daftari lenyewe. Mnalala watatu chumba kimoja, droo haina kufuli, na kwenye ukurasa umeandika unachomuwazia mama mkwe. Tumia simu yenye nenosiri, au vifupisho unavyovijua mwenyewe. Namjua mtu aliyeandika mawazo yake yote kama orodha ya madeni ya duka. Mumewe aliliona daftari akalirudisha mezani.

Inamfaa mwenye wasiwasi, hofu, kukosa usingizi, sonona ya wastani, na mtu wa vitendo anayetaka kujua wiki hii afanye nini. Kwa ushahidi, hii ndiyo iliyopimwa mara nyingi kuliko nyingine tatu. Inakwama kwa aliyefiwa juzi, maana kumpa jedwali la mawazo ni kumtukana, na kwa aliyechoka kiasi kwamba hata kalamu ni mzigo. Inakwama pia mikononi mwa mnasihi anayeifanya kama mtihani, anayesahihisha mawazo yako kwa wino mwekundu. Nimekaa mbele ya mmoja wa aina hiyo. Sikurudi.

Mlango wa tatu: kikundi

Kusini mwa Uganda, wilaya za Masaka na Rakai, ugonjwa wa UKIMWI uliacha vijiji vyenye makaburi mengi na watu wengi waliokata tamaa. Huko ndiko ulikofanyika utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ambao kwangu mimi ni wa kujivunia katika ukanda wetu. Vijiji 30 vilihusika. Vikundi vya wanaume peke yao na vya wanawake peke yao vilikutana saa moja na nusu kila wiki kwa wiki 16, vikiongozwa na watu wa hukohuko waliopewa mafunzo ya wiki mbili. Mwishoni, waliobaki na dalili za sonona kubwa walikuwa asilimia 6.5 kwa waliokuwa vikundini na asilimia 54.7 kwa wasiokuwa. Tuwe wakweli: hata hao wa pili walianza wakiwa zaidi ya asilimia 90, kwa hiyo muda nao ulitibu sehemu yake. Lakini pengo lililobaki ni kubwa.

Njia iliyotumika inaangalia uhusiano wa mtu na watu wake, na ilitengenezwa Marekani na Gerald Klerman na Myrna Weissman kuanzia miaka ya 1970. Inasema sonona huingia kwa moja ya milango minne: msiba, ugomvi, mabadiliko makubwa ya maisha, au upweke. Kila mwanakikundi anatafuta mlango wake. Mwanaidi ana miwili, msiba na ugomvi, na imefunguka ndani ya mwaka mmoja.

Kinachofanyika ndani kinakaribia baraza kuliko hospitali. Watu wanane au kumi wamekaa duara, kiongozi anauliza kila mmoja hali yake ya wiki, kisha wanashughulika na jambo la mmoja. Mwanaidi anataka kuongea na mdogo wake na hajui aanzeje. Mwenzake anajitolea kuwa huyo mdogo, anajibu kwa jeuri ileile: "Sasa unataka nikauze figo?" Duara linacheka, naye anacheka kwa mara ya kwanza tangu aje. Wanarudia mara ya pili, anapata sentensi ambayo hatokwi nayo jasho. Mwingine anamuuliza kwa nini asimtumie mjomba. Hapa ndipo penye nguvu ambayo mnasihi wa peke yake hana: anayekuuliza naye ana ugomvi wake nyumbani.

Muda unajulikana. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unaelekeza vikao vinane. Gharama ndiyo ndogo kuliko zote, na mingi ya miradi ya aina hii haitozi kitu. Kazi ya nyumbani ni moja: kujaribu kwa mhusika halisi kile mlichofanyia mazoezi.

Siri ndiyo swali lenyewe. Watu wanaapa kwamba ya humu yabaki humu, na wengi hutunza, kama wanavyotunza ya kikoba na ya upatu. Lakini mtaa ni mtaa. Ukiona kwenye duara kuna wifi wa jirani yako, una haki ya kuomba kikundi cha mtaa mwingine.

Inamfaa mwenye sonona ya kutokana na maisha na watu, aliyetengwa, mjane, mama kijana, mwenye kipato kidogo, na yule anayedhani ni yeye peke yake duniani. Inakwama kwa ambaye siri yake ikitoka atapigwa au atafukuzwa nyumbani, na kwa aliye katika hali mbaya kiasi kwamba kikundi hakimbebi.

Mlango wa nne: kamba

Hii nitaieleza kwa ufupi kwa sababu haimhusu kila mtu, na Mwanaidi haimhusu kabisa. Ni ya walioona ya kutisha: vita, kubakwa, ajali ya basi ambayo kila usiku inatokea upya. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, waliitengeneza njia ya kusimulia maisha na kuijaribu kwa wakimbizi nchini Uganda, wakiwamo Wanyarwanda na Wasomali wa Nakivale, kwa kutumia washauri waliotoka miongoni mwa wakimbizi wenyewe.

Kamba inalazwa chini. Mwanzo wake ni kuzaliwa kwako. Kila tukio jema unaweka ua, kila baya unaweka jiwe, na kipande kilichobaki kimesokotwa ni siku zijazo. Kisha mnaifuata kamba kikao kwa kikao, na kwenye kila jiwe mnasimama: uliona nini, ulisikia harufu gani, mwili ulifanyaje, na sasa hivi uko wapi? Hilo la mwisho ndilo tiba. Kumbukumbu inarudishwa mwaka wake na mahali pake. Mshauri anaandika, anakusomea, mnarekebisha, na mwisho unakabidhiwa simulizi lako.

Vikao ni virefu, dakika 90 au zaidi, ila havifiki mwaka. Mara nyingi ni chini ya 12. Nyumbani huna kazi. Siri ina karatasi, kwa hiyo amua mapema itakaa kwa nani. Kivu ya Kaskazini na ya Kusini, Kongo, njia nyingine ya kiwewe inayochambua fikra ilitumika kwa vikundi vya wanawake waliobakwa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalikuwa mazuri kuliko ya msaada wa mtu mmoja mmoja wa kawaida. Ukiambiwa pia kuhusu tiba ya kufuatisha macho (EMDR), ambapo unakumbuka tukio huku macho yakifuata kidole cha mtaalamu, usidhani ni mazingaombwe: Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2013 kwa watu wazima wenye kiwewe.

Inakwama inapofanywa na asiyefunzwa, anayefungua jiwe akaangalia saa akasema tuonane wiki ijayo. Na siku mbili baada ya ajali si wakati wake. Kumlazimisha mtu asimulie kila kitu papo hapo, kwa kikao kimoja, hakupendekezwi. Siku hizo mpe chai, mtafutie ndugu zake, kaa naye.

Shehe, mchungaji, na vidonge

Wengi wataanzia msikitini au kanisani, na sioni aibu yake. Ni bure, ni karibu, na maswali kama "kwa nini mimi?" na "nitamsameheje?" hayana jibu kwenye daftari la Beck. Kiongozi wa dini mwenye busara atakusikiliza kisha atakwambia na hospitali uende. Anayekutaka uache dawa, huyo mshukuru kwa dua uondoke.

Vidonge havishindani na mazungumzo. Kwa sonona kali mara nyingi hutumika pamoja, huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, na haviachwi ghafla bila daktari. Pia omba upimwe damu na tezi ya shingo kabla ya kuamini kwamba uchovu wako wote ni wa akili.

Mtu aliye mbele yako

Tafiti nyingi zimeona kwamba uelewano kati ya mteja na mnasihi wake unachangia sana kupona, njia yoyote itumikayo. Kwa hiyo piga simu kwanza, uliza: unatumia njia gani, umefunzwa wapi, unasimamiwa na nani, bei ya kikao ni ipi, na tutajuaje kama inasaidia? Kenya ina sheria ya washauri na wanasaikolojia tangu mwaka 2014, hivyo una haki ya kuuliza usajili. Angalia na mapokezi. Kuna mahali niliulizwa kwa sauti, foleni nzima inasikia, "Wewe ni wa akili au wa meno?" Nikasema meno.

Kwa hali yako

Umefiwa na bado hujalia sawasawa: anza na kusikilizwa. Daftari litakuja baadaye likihitajika.

Mwili unakushika ghafla, unaogopa lifti, mtihani, kivuko cha Kigamboni: daftari, na mwambie mnasihi unataka mazoezi ya kuikabili hofu yenyewe, msiishie kuiongelea.

Fedha ni shida kuliko muda: ulizia kikundi kwenye kituo cha afya, kwa wahudumu wa afya ya jamii, au katika mashirika yanayofanya kazi mtaani kwenu. Muda ndio shida, kwa sababu kibarua hakikupi ruhusa: vikao vitano vya kutatua matatizo vinakutosha kuanzia.

Mmekwama wawili, mume na mke: hakuna kati ya hizi nne inayowafaa mkienda mmoja mmoja na kila mtu akirudi na ushindi wake. Tafuteni anayepokea wanandoa pamoja. Ila kama kuna kipigo, nenda peke yako kwanza.

Mwanaidi ningemwambia aanze na kikundi kama hana hofu na wanawake wa mtaani kwake. Kama anayo, basi vikao sita vya kusikilizwa kwa ajili ya mama, kisha daftari kwa ajili ya duka.

Na kama uko Muscat au Doha, unafanya kazi za ndani na chumba si chako, simu ndiyo chumba chako. Kusikilizwa na daftari vyote vinawezekana kwa simu, kikundi ni vigumu, kamba isubiri uwe mahali salama. Pangeni na mnasihi wako neno la siri kabla ya yote: ukisema "nitakupigia kuhusu ile hela ya ada", ajue kuna mtu kaingia, akate yeye.